Teke Ubavuni mwa Ng'ombe wa Watu

Ng'ombe yule alitoka upande wa Bomet kwenye joto, akaletwa kwetu juu, karibu na Londiani, mwezi wa Julai, wakati baridi inauma mpaka meno. Alikuwa na mimba kubwa. Hakuwa wetu. Mwenyewe alikuwa rafiki wa mume wangu, na alituachia kwa desturi yetu ya kimanagan: unamtunza ng'ombe wa mwenzako, maziwa unakunywa wewe, ndama ni wake. Mume wangu alikuwa Kericho akifyeka msitu mahali pa kupanda chai, kwa hiyo ng'ombe akabaki mikononi mwa mama mkwe na mimi. Nami nilikuwa na mimba ya miezi saba, na maziwa hayo ndiyo niliyoyategemea kwa mtoto.

Mama mkwe aliogopa baridi kuliko fisi. Alisema ndama aliyezoea joto ataganda tumboni. Basi ng'ombe akaingizwa ndani, chumba cha mbuzi, mlango ukafungwa na moto ukakokwa mchana kutwa. Mama hakuwa mjinga, mbuzi wake wote aliwalea hivyo. Lakini ng'ombe si mbuzi. Siku ya tatu alianza kuhema, ulimi nje, mate yakichuruzika, nyasi hataki. Mama akasema ni baridi imemwingia, akaongeza kuni.

Nilikaa pale nikitokwa jasho, mtoto amenilemea kama gunia la wimbi, nikamtazama yule ng'ombe nikakasirika. Kwetu mke wa mwana habishani na mama mkwe, kwa hiyo sikubishana. Alipotoka kuchuma mboga, nilifungua mlango nikamshusha ng'ombe mtoni kwenye manyunyu.

Alikunywa bila kuinua kichwa. Mama akatukuta hapo hapo. Hakupiga kelele. Aliniambia polepole kwamba ndama akifa, mimi ndiye nitakayempelekea mwenyewe ngozi kama ushahidi. Niliogopa sana. Nikabandika kiganja ubavuni, upande wa kulia anapolala ndama. Kimya. Nikajua nimeua. Kisha yale maji baridi yakamfikia ndama mle tumboni, akanipiga kiganjani teke la hasira hasa.

Nikaushika mkono wa mama, jambo ambalo sikuwahi kuthubutu, nikauweka pale. Naye akapigwa lake. Akautazama ulimi wa ng'ombe, umerudi kinywani.

"Tumjengee nje," alisema. "Paa tu, na ukuta upande wa upepo."

Halafu akaliona jasho langu, akahamisha kiganja kile kile tumboni mwangu.

"Na wewe, mwanangu, mbona hukusema joto linakutesa?"

"Nilikuogopa, mama."

Akacheka mpaka mboga zikamwanguka.

Ndama alizaliwa mzima baada ya wiki tatu, mwanangu akamfuata kuzaliwa. Maziwa ya ng'ombe yalipokuwa tayari kunywewa, mama alinikabidhi mimi kibuyu cha kwanza, wala hakunielekeza la kufanya.