Kiti cha Mama Mkwe

Mama Nabisubi alianguka kutoka kwenye pikipiki yangu mimi. Nalisema mapema, asije mtu akadai nimeficha. Mvua ilikuwa imenyesha, mteremko wa kanisani ukanishinda, mimi nikaenda huku na yeye kule. Mimi nilichubuka kiwiko. Yeye alivunjika paja, akawekewa chuma hospitalini, na aliporudi nyumbani goti lake moja lilikuwa halikunjiki tena.

Daktari wa mifupa huja Masaka mara moja kila miezi mitatu. Alimwambia arudi siku yake ikifika, amlegeze lile goti, la sivyo litagandia hivyo hivyo na atatembelea mkongojo mpaka kaburini. Sasa afike vipi? Kwake gari halipandi, njia ni ya miguu na pikipiki tu. Na pikipiki hawezi kuikalia, mguu umenyooka kama mwiko. Isitoshe, alikwisha apa kwamba hapandi tena nyuma ya mwanamume yeyote wa kijiwe chetu. Nani angemlaumu?

Hapo ndipo alipojitokeza Kibirango, dereva mwenzangu pale kijiweni, aliyemuoa Nassolo, binti wa huyo mama.

"Nitamtengenezea kiti chenye gurudumu lake, kikae ubavuni mwa pikipiki," alisema. "Nitampeleka mwenyewe."

Tulimcheka mpaka mbavu zikauma. Sisi Waganda, mwanamume hamgusi mama mkwe wake. Hampi mkono, haketi naye mkeka mmoja, hamkazii macho. Wakikutana njiani mmoja huingia migombani mwenzake apite. Ukimgusa, wazee wanasema, mikono itakutetemeka mpaka uzeeni.

"Ukikata kona moja mbaya atakuangukia mapajani," nikamwambia. "Utatetemeka wewe mpaka uji ukumwagikie."

"Haanguki mtu. Ndiyo maana nitachomelea mwenyewe. Kila ungio la kiti kile nataka nilijue lilivyozaliwa."

"Tangu lini wewe ni fundi?"

"Tangu Jumatatu ijayo."

Ndivyo alivyo Kibirango. Husema jambo kabla hajajua namna ya kulifanya, halafu hulifanya, na inaudhi sana.

Tulikwenda naye Katwe, Kampala, kutafuta mashine ya kuchomelea. Wauzaji wa pale hukuvuta shati kabla hujashuka. Wa kwanza alituonyesha dude lililosukwa pale pale kwa nyaya za shaba, zito la kubebwa na watu wawili. "Hii inaunga hata daraja la reli," alisema.

Kibirango akatoa mfukoni kipande cha bomba jembamba alichokikata kwenye fremu ya pikipiki kuukuu. "Mimi sina daraja. Nichomelee hiki."

Jamaa akachomelea. Bomba likatoboka tundu la kupitisha kidole.

"Bomba lako bovu," akasema.

"Ndilo hilo hilo nitakalochomelea."

Duka la pili, tundu. La tatu, tundu. Miguu ikaanza kuniuma, nikamsihi anunue lile la daraja turudi tukale. Akaniuliza kama nimesahau umeme wa kwetu, jinsi mtu akichomeka pasi taa za jirani zinavyofifia. Dude lile lingezima kijiji kizima. Duka la tano alikuwapo mama mmoja aliyetoa kisanduku chenye mkanda wa kuning'inizia begani. Akakipunguza nguvu, akachukua kijiti chembamba cha kuchomelea, akaunga bila haraka. Kibirango akalipigapiga lile bomba kwenye ukingo wa barabara. Halikuachia. Akalipa.

Kijiweni wakatupokea. "Mmekwenda Katwe kununua redio?"

"Ni redio," akajibu Kibirango. "Subirini taarifa ya habari."

Aliyemfundisha ni Fundi Lutaaya, mchomeleaji wa mageti pale mjini, mzee asiyecheka. Masharti yake yalikuwa mafupi: utaunga vipande vya chakavu, kisha utavivunja kwa nyundo, na pikipiki huigusi mpaka vipande kumi vimekataa kuvunjika. Wiki ya kwanza vilivunjika vyote. Lutaaya aliyatazama yale maungio yenye vinundu akauliza ni kuku gani aliyeharisha juu ya chuma chake.

Halafu kulikuwa na macho. Kibirango alianza na miwani ya jua kama mafundi wengi wa huku, akijiona mjanja. Siku hiyo hiyo macho yakajaa mchanga usiokuwapo. Alilala siku mbili na vipande vya viazi juu ya kope, na alipoamka alikwenda kununua kinyago cha kuchomelea.

"Usikimbize mkono," Lutaaya alimwambia. "Sikiliza. Ikichoma vizuri hulia kama mafuta kwenye kikaango."

Wiki ya sita mzee alipiga kipande cha kumi mpaka akahema. Akaitupa nyundo. "Nenda kaiguse pikipiki yako. Toa betri kwanza, usije ukaiunguza."

Zilikuwa zimebaki siku tisa daktari aje. Nassolo alikuwa amehamia kwa mama yake kumuuguza, kwa hiyo Kibirango alifanya kazi peke yake uani. Nilipita siku moja nikaona kiti kimekwisha simama: gurudumu lake, mgongo wake, upande wa kushoto egemeo refu la mguu usiokunjika, na upande wa kulia bomba nene lililokatiza mbele na kukishika kiti kwenye pikipiki.

"Umejuaje ni mguu wa kushoto?" nikauliza.

"Nilimwona."

"Ulimtazama mama mkwe?"

"Kwenye kioo cha pikipiki. Alikuwa anatoka msalani, mimi nimempa mgongo. Nilimwona vizuri."

Ningemwambia aulize. Lakini nani ataulizia paja la mama mkwe wake? Na mimi mwenyewe tangu ajali nilikuwa namkwepa yule mama kwa aibu, hata sikujua ni mguu upi.

Siku ikafika. Saa mbili asubuhi Kibirango aliingiza chombo uani kwa mama, akakaa juu yake, uso ukielekea njiani. Mimi nilikuja nyuma na pikipiki yangu kumbeba Nassolo. Mama akatoka, amevaa gauni lake la bluu la gomesi, ameshikwa kiunoni na binti yake. Akaketi. Mguu wake wa kulia, umenyooka, ukagota kwenye lile bomba nene.

"Kibirango," Nassolo akasema, "mguu ni huu wa kulia."

"Wa kushoto," akajibu bila kugeuka.

"Mimi ndiye ninayemwogesha."

Kibirango akakitazama kioo. Akainua mkono wake wa kulia mbele ya kioo; mtu wa kiooni akainua wa kushoto. Kisha akashuka.

Daktari huondoka saa sita. Na lile bomba ndilo lililobeba kila kitu. Mama akasema kwa sauti ya chini, akiitazama migomba, "Mwambieni mkwe wangu ameshafanya vya kutosha. Nirudisheni ndani." Nilitamani ardhi inimeze, maana yote haya yalianza na mimi.

"Mwambieni mama anywe chai," Kibirango akasema. "Ikiisha nitakuwa tayari."

Akanituma nyumbani kwake kuleta kile kisanduku cha kuchomelea. Niliporudi betri ilikuwa imetoka na bomba limekatwa. Tukavuta waya kutoka sebuleni. Alitaka bomba lipite chini ya kiti, mguu ukae juu yake, kwa hiyo alipiga magoti kwenye matope na kinyago chake na mimi nikashika upande wa pili. Nilimwambia tufunge na kamba tu kwa leo. Akaniambia ninyamaze, anasikiliza. Na kweli, chuma kililia kama mafuta kwenye kikaango, hata mimi nilisikia.

Kilipopoa akanipa nyundo. "Piga."

Nikapiga.

"Wewe unajua kuangusha watu. Piga vizuri."

Nikapiga kwa hasira, kwa hofu yangu yote ya miezi mitatu. Ungio halikusogea hata unywele. Nikakirukia kile kiti kwa matako mara tano. Nassolo akatoka akasema chai imekwisha.

Kwenye mteremko wa kanisani nilibaki nyuma kabisa. Gurudumu la tatu likaingia shimoni, likatoka, kiti kikashika. Tulipofika lami ilikuwa saa nne kasoro. Kibirango akapunguza mwendo mpaka nikawa ubavuni mwake.

"Mama hajasema neno tangu mteremkoni," akaniambia. Kwa mara ya kwanza nilimwona ana wasiwasi. "Ana maumivu? Amekasirika? Nitazamie wewe, mimi siwezi."

Nikatazama. Mama Nabisubi alikuwa ameegemeza kichwa kwenye chuma alichoungiwa na mkwewe, mdomo wazi, mikono imelegea juu ya mkoba.

"Amelala," nikamwambia.

"Amelala?"

"Anakoroma."

Kibirango akashika njia polepole, akikwepa kila kishimo mpaka Masaka, na mimi niliyemwangusha nikafuata nyuma, nisithubutu hata kupiga honi.