Fundo la Kwapani

Siwezi kufuma kwa uzi nisioujua. Hata huu mpya wa dukani, ukiwa bado na karatasi yake, naupitisha wote vidoleni kabla sijaanza mstari wa kwanza. Binti zangu wananicheka. Waache wacheke, wao hawakumjua babu yao.

Miaka ya vita, treni ilipoacha kuja Kindu, uzi nao ulikwisha. Tukawa tunafumua sweta kuukuu na kufumia kofia za watoto wachanga. Aliyenifundisha ni jirani yetu wa hapa mtaani Mikelenge, mzaliwa wa Lokandu. Sindano zetu zilikuwa vyuma vyembamba vya gurudumu la baiskeli: ingiza, zungusha, vuta, achia. Uzi uliofumuliwa haunyooki upesi, unabaki na mikunjo ya kazi yake ya kwanza.

Mama hakuwa na hamu na kofia. Baba alikuwa ametoka na baiskeli kwenda Pangi kutafuta mchele, asirudi. Watu walisema ameuawa njiani. Tulikaa matanga bila maiti, mama akavaa nyeusi.

Siku moja nilirudi na bonge la uzi wa rangi ya mawese, zawadi ya jirani yule, mwalimu wangu wa kufuma. Mama alianza kulifungua taratibu, mpaka rangi ya mawese ikakutana na ya buluu. Hapo palikuwa na fundo lililozungushiwa uzi mweusi. Mama alilitambua: alilifunga mwenyewe, uzi ulipompungukia akifuma sweta ya baba, akalificha kwapani. Baba aliondoka ameivaa sweta hiyo.

Nilimshuku mwalimu wangu papo hapo: huyu ni mwizi, au ni mke wa muuaji. Mama alivuka uani na bonge mkononi, mimi nyuma yake.

"Dada, hii uzi uliipata wapi?"

"Lokandu, mama. Mudogo wangu alinipa. Ilibakia ku kofia ya mutoto wake."

"Na baba ya mutoto njo nani?"

"Mutu mumoja alikujaka na baiskeli yake," alijibu, bila wasiwasi wowote. "Maskini, muke wake alikufa mu vita. Njo vile anasema."

Mama alishukuru, akaaga. Nyumbani alivua nguo nyeusi, akaitia motoni. Mimi nilikasirika kuliko yeye. Nilitamani baba awe amekufa kweli, na hadi leo sijutii.

Sasa mume wangu anafanya biashara ya samaki, na samaki wazuri wako Lokandu. Nimemfumia sweta, maana alfajiri mtoni kuna baridi. Anaisifu kwa kila mtu. Akirudi tu namvua, namwambia inanuka samaki, niifue. Naipapasa kwapani. Nikilikuta fundo langu, ndipo nampa maji ya kunywa.