Swichi Ikikataa, Usiizibe Mdomo

Nakumbuka siku moja ya masika, Neema mdogo wangu, na wewe ulikuwepo, ila ulikuwa usingizini. Nakuandikia kwa sababu wiki ijayo naenda bweni kuanza kidato cha tano, na oveni ya Mama naiacha mikononi mwako. Kukwambia ana kwa ana ningeona aibu, unanijua.

Ilikuwa Jumamosi, hapahapa kwetu Mbagala. Mama alikuwa na oda ya skonzi za kipaimara cha mtoto wa jirani, na unga ulishaumuka mpaka unataka kumwagika. Tukawasha oveni. Feni ikazunguka, tukangoja moto, moto hauji. Taa nyekundu inawaka na kuzima tu. Tukajaribu tena, vilevile. Mama akampigia kaka yake, Mjomba Gaspa, ambaye hakuna kitu hapa duniani hajawahi kukifungua. Kukirudishia, hiyo ni ishu nyingine.

Mjomba akatoa kifuniko cha pembeni, akachungulia, akasema swichi ya presha imekufa. Akamtuliza Mama: ataunganisha nyaya zake mbili moja kwa moja, moto utawaka, swichi mpya itanunuliwa Jumatatu. Mama akashusha pumzi. Nje mvua inapiga, madirisha yote tumefunga, na wewe umejilaza nyuma ya magunia ya unga, mahali pako pa siku zote kwa ajili ya joto.

Mie nilikuwa najua kitu. Fundi aliyeifunga ile oveni nilimshikia tochi, naye akanieleza. Feni inavuta moshi kuutoa nje kwa bomba la juu. Kimpira chembamba kinapeleka habari za ule mvuto kwenye swichi. Mvuto ukitosha, swichi inaruhusu gesi, usipotosha, inakataa. Basi ikikataa, mara nyingi haijafa. Inafanya kazi yake.

Lakini kumpinga mjomba, mie ambaye hata simu ya mteja naipokea kwa jasho? Heshima ilinibana huku, hofu kule. Nikaitazama miguu yako ilivyochomoza nyuma ya magunia.

"Mjomba, usiunganishe," nikasema. "Shikamoo," nikaongeza, ingawa nilishamwamkia.

Akacheka. "Kumbe bubu wetu anaongea. Ndiyo maana mvua haikatiki."

Nikamweleza, karibu kwa kunong'ona, kwamba labda bomba limeziba, na moshi ule una sumu isiyo na harufu; ukirudi ndani mtu hulala tu, asiamke. Mjomba akasema watoto wa siku hizi wanasoma sana, na skonzi hazingoji masomo. Mama anautazama unga, ananitazama mimi.

"Gaspa, weka plaizi chini," akasema. "Mtoto asiyesema akisema, msikilize."

Mvua ilipopungua Mjomba akapanda ngazi huku akinung'unika. Akashuka na kiota cha kunguru, kimesukwa kwa vijiti na vipande vya waya, kilichokuwa kimekaa mdomoni mwa bomba kama kizibo. Akakiweka chini, akaenda nyuma ya magunia, akakubeba mpaka kitandani. Hata hukuamka. Ndipo akarudi kuwasha oveni. Swichi ikalia "ta", moto ukashika. Trei mbili zilishachacha. Jirani alinuna, tukaomba radhi, yakaisha.

Sasa nisikie. Mficha maradhi kifo humuumbua, na anayeunganisha zile nyaya anaficha maradhi. Ni sawa na kumfunga mdomo mbwa anayebweka ili mlale vizuri. Moto ukigoma, funga gesi, fungua madirisha. Bomba likaguliwe, na kimpira kitazamwe kama kimepasuka au kimeingia maji. Sikiliza feni kama imechoka. Swichi iwe ya mwisho kulaumiwa, na hapo aitwe fundi. Na nyuma ya magunia usilale tena, hata baridi iwe vipi.

Watakuja watu wenye haraka, wengine wakubwa wa kuamkiwa shikamoo. Waamkie. Halafu wakatalie. Sauti yako ni ndogo kama yangu, lakini ya swichi ni ndogo zaidi, na siku ile ilitosha.

Skonzi zako ziumuke, mdogo wangu, mikono yako isiungue. Mungu akupe usingizi mzuri, na kila asubuhi akuamshe.