Mlinzi wa Sili

Mlinzi wa ufukwe wa Nansha hapazi sauti. Najat, aliyekuja kupunga upepo huku akisubiri kontena lake lipakiwe bandari ya Huangpu, alimtazama akiwarudisha watu nyuma kwa viganja vilivyofunguka, polepole, kama anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Nyuma yake mchangani alilala sili, mnyama wa bahari za baridi aliyepotea njia, mnene, mwenye masharubu ya paka. Kila sili alipovuta pumzi, mlinzi naye alivuta. Tahir, kaka yake Najat, akapenya na simu yake apige picha. Sili akainua kichwa, akatoa meno. Mlinzi alikuwa amempa mgongo, hakumwona, lakini midomo yake nayo ikafunuka vilevile.

“Laoban,” alinong'ona, akimwita Tahir bosi kwa Kichina kama wauzaji wa soko la Zhanxi, “akikosa usingizi atakufa.”

“Kaka, rudi,” Najat alisema. “Nakuomba.”

Tahir akarudi, amenywea. Maji yalipojaa, sili akajivuta, akazama. Watu wakasogea kutazama alama aliyoiacha. Mlinzi, macho kayafumba na pumzi kaizuia kama aliyezama naye, akanyoosha viganja mbele yao, na hakuna aliyethubutu kumpita.