Fundi Viatu na Sheria ya Agosti

Fundi viatu wa mtaa ule watu walimwita Redio, na jina lilimkaa sawasawa. Ukimpelekea kiatu kilichobanduka soli, utarudi kiatu kimepona na masikio yamechoka. Kibanda chake kilinuka gundi na ngozi, kilikuwa na benchi moja la wateja, na hapakuwa na habari iliyopita mbele ya benchi hilo bila kujadiliwa. Hata akibana misumari midomoni huku akigonga kisigino, bado aliongea. Mkewe, muuguzi wa zahanati, alikuwa mtu wa maneno machache. Nadhani Mungu huwaunganisha watu wa namna hiyo makusudi, nyumba isije ikapasuka.

Walijaliwa mabinti wawili, na wote waliugua ugonjwa mmoja: besiboli, ule mchezo wa mpira, gongo na glavu. Mkubwa aliitwa Manati, kwa ajili ya mkono wake wa kurusha. Mdogo aliitwa Gundi, maana mpira ukigusa glavu yake haubanduki. Tangu mdogo ajue kusimama, walirushiana uani kati ya kamba ya nguo na pipa la maji, hadi mama yao akazoea kuanua mashuka yenye alama za mpira. Lakini katika mechi ya kweli hawakuwahi kucheza pamoja hata siku moja. Katika ligi ya watoto, mtaa wao ulikuwa na timu mbili: ya wadogo, na ya wakubwa, wenye miaka kumi hadi kumi na miwili. Umri uliohesabiwa ni ule ambao mtoto angeutimiza kufikia mwisho wa Desemba. Sasa mwaka Gundi alipotimiza kumi, mwezi wa Machi, na kupanda kwa wakubwa, ndio mwaka ambao Manati angefikisha kumi na tatu, mwezi wa Oktoba. Huyu anaingia, yule anatoka. Na ukishatoka pale, hapakuwa na timu nyingine ya kwenda. Manati alilia siku nzima, kisha akaisukuma glavu yake chini ya kitanda. Redio naye alilia, ila yeye alisingizia harufu ya gundi.

Ndipo ikaja habari kwamba ligi inataka kubadili sheria. Umri uhesabiwe kufikia mwisho wa Agosti, na wazazi wapige kura Jumamosi.

Redio katika habari hiyo alisikia jambo moja tu: kuna watoto wakubwa waliopaswa kuondoka, sasa watabaki. Akamwona Gundi wake, mwembamba vile, amechuchumaa nyuma ya mpigaji kudaka mipira, na lijitu fulani linamrushia mpira usoni. Damu ikamchemka. Wiki nzima kibanda kikawa jukwaa la kampeni. "Jamani, wanataka kutuletea majitu yenye ndevu yawatupie watoto wetu mipira," alimwambia kila mteja. Aliyekuja kung'arishiwa alipewa hotuba fupi, wa kubadilishiwa soli akapewa ndefu. Dereva wa lori, ambaye mwanawe naye alikuwa na miaka kumi, aliondoka pale ameapa kuipinga sheria hiyo hata akibaki peke yake.

Ijumaa jioni Redio akarudi nyumbani kifua mbele.

"Mama watoto, kesho tunawabwaga. Halibaki jitu hata moja."

Mkewe alikuwa anakunja nguo. "Hao watakaobaki si wale waliozaliwa baada ya Agosti?"

"Hao hao."

"Na Manati alizaliwa mwezi gani?"

"Oktoba," akajibu upesi.

"Basi jitu moja liko chumba cha pili, limelala. Nenda kalitazame kama lina ndevu."

Redio akakaa juu ya nguo zilizokwisha kukunjwa. Alikuwa ameshamlilia Manati na kumaliza, kwa hiyo hakumweka tena katika hesabu za ligi. Wiki nzima alikuwa amewafungia wanawe mlango kwa ulimi wake mwenyewe.

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Nilikuwa zamu za usiku. Na wewe ukianza kuongea, mtu anapata wapi nafasi?"

Jumamosi ukumbi wa shule ulijaa, na Redio aliposimama wazazi wakampigia makofi, maana walijua atasema nini. Mwenyekiti wa ligi, mama mmoja mfamasia, akajiegemeza kitini kama mtu anayesubiri sindano. Redio akajikohoza. Aibu alikuwa nayo, lakini nyuma ya aibu hiyo aliwaona mabinti zake wawili, na mlango uliokuwa karibu kufungwa.

"Ndugu zangu, nimekuja kumeza maneno yangu. Niliipinga sheria hii kwa sababu nilimwogopea binti yangu mdogo. Jana nimegundua kwamba inambakiza yule mkubwa. Leo ninaitaka."

Ukumbi ukaangua kicheko. Dereva wa lori hakucheka. "Fundi, sisi tumwamini yupi, wewe wa juzi au wewe wa leo? Mwanangu ndiye atakayerushiwa."

"Kwenye mazoezi atarushiwa na Manati wangu, ndiyo," Redio akasema. "Na nyuma ya mgongo wa mwanao, aliyechuchumaa kuudaka mpira ule ule ni Gundi wangu, rika moja na wako. Njoo tukae benchi moja, bwana. Tuogope pamoja."

"Hapo sasa umeongea," dereva akasema, na mkono wake ukawa wa kwanza kupanda. Mingine ikafuata, hata mwenyekiti hakuona haja ya kuihesabu.

Siku ya mechi ya kwanza walikaa benchi moja kweli, Redio, mkewe na dereva, nyuma kabisa ya wavu. Manati akapanda kile kijilima cha udongo anaposimama mrushaji. Gundi akachuchumaa, kofia ya chuma ikimzidi kichwa. Mpira wa kwanza ukaja polepole, laini, kama wa kumtupia mtoto mchanga. Gundi akaudaka, akainuka, akatembea hadi kwa dada yake. Uwanja mzima ulimsikia.

"Dada, unanionea huruma?"

"Sitaki kukuumiza."

"Tuna mwaka mmoja tu. Usiupoteze hivyo." Akamwekea mpira kiganjani, akarudi kuchuchumaa.

Manati akavuta pumzi, akainua mguu, akarusha kwa nguvu zake zote. Glavu ikalia hadi benchi la nyuma. Gundi akayumba, akakaa chini kwa makalio, na mpira ukabaki mle mle glavuni. Dereva alikuwa amefumba macho. Redio akamgusa bega kumwambia kwamba ameudaka, na machozi yakimtiririka hadi kidevuni, safari hii hakumsingizia mtu wala kitu.