Bafu la Chini

Nilitoa ushuhuda mapema mno. Jumapili moja nilisimama kanisani nikamshukuru Mungu kwa nyumba mpya ambayo binti yetu alikuwa anainunua ili tukae naye. Watu walipiga makofi. Akina mama wakaanza kupanga siku ya kuja kuiombea. Wakati huo nyumba yenyewe ilikuwa kiwanja cha matope chenye nambari kwenye kijiti, na binti yetu alikuwa amelipa ada ya kushikiwa kiwanja tu.

Nyumba tuliyopanga mtaa wa Sparkbrook, huku ughaibuni, ilikuwa na bafu juu, na ngazi zake zilikuwa nyembamba, zimesimama wima. Mke wangu ana magoti mabovu. Kwa miaka mitatu alikuwa akienda kuoga akipanda ngazi moja moja kwa kuketi, huku akiimba tenzi ili nisimsikie anavyougua. Kwa hiyo tulipotembelea nyumba ya maonyesho, ile ya mfano ambayo mjenzi huwaonyesha wanunuzi, hakuangalia jikoni wala bustani. Aliingia kwenye bafu la chini, lenye shawa isiyo na kizingiti, akakaa humo hadi tukaenda kumtafuta.

"Hii inanitosha," alisema.

Muuzaji wa mjenzi alitupa wiki nne za kusaini mkataba, akatuambia yuko wakili wanayemfahamu, hufanya kazi haraka. Mimi nilikubali. Binti yetu, ambaye ni muuguzi na hapendi kuharakishwa, alimtafuta wake: mama wa Kihindi mzaliwa wa Kisumu, mwenye ofisi mtaa wa Hockley juu ya karakana ya sonara. Alitupokea kwa Kiswahili.

"Mzee, nasikia unafundisha Biblia."

"Kwa neema ya Mungu, miaka arobaini sasa."

"Na mwanafunzi akisoma mstari mmoja akafunga kitabu, unamwambiaje?"

"Namrudisha asome sura nzima."

"Haya, soma." Akanisukumia mkataba. "Polepole."

Nilivaa miwani. Kifungu kimoja kilisema mjenzi anaweza kubadilisha mpangilio wa ndani bila kuomba ruhusa, mradi thamani ya nyumba isipungue.

"Sasa nionyeshe bafu la chini limeandikwa wapi," alisema.

Nilipekua kurasa zote. Lilikuwa kwenye kijitabu cha picha tu, na mwisho wa kijitabu hicho maandishi madogo yalisema kwamba picha si sehemu ya mkataba.

"Mkishabadilishana mikataba iliyosainiwa, mmefungwa," alisema. "Wakijenga kabati pale, mtachukua nyumba yenye kabati, au mwache amana mtakayokuwa mmelipa."

Alimwandikia mjenzi. Mjenzi akajibu kwamba mkataba ni ule ule kwa wanunuzi wote. Wiki ya nne ikaingia. Muuzaji alimpigia binti yetu simu kila siku: iko familia nyingine inakitaka kiwanja. Hapo mimi ndiye niliyelegea. Nilikuwa nafikiria yale makofi ya kanisani. Tukiwa mezani nikasema, "Tusaini kwa imani."

Mke wangu aliweka kikombe chini. "Baba, imani tunayo sote. Magoti ni yangu. Usinisainie magoti."

Binti yetu akainuka kwenda kutafuta sukari, na sukari ilikuwa mezani.

Hatukusaini. Jumapili iliyofuata nilisimama tena, nikaeleza kwamba nilishukuru kwa kitu ambacho hatukuwa nacho bado, na huenda tusikipate. Haikuwa rahisi. Mzee mmoja Mkongo aliita kutoka nyuma, "Papa, tumekusamehe, lakini viti tulishaazima!" Kanisa zima likacheka, nami pia.

Siku mbili baada ya muda kwisha, barua ilikuja. Kiwanja kilikuwa bado chetu. Mjenzi alikubali kuambatisha mchoro kwenye mkataba, pamoja na sentensi moja: bafu la chini na shawa yake havitabadilishwa bila mnunuzi kuridhia kwa maandishi. Kabla binti yetu hajatia sahihi, wakili alimpa mke wangu mchoro aukague. Aliweka kidole pale penye shawa, akakiacha hapo kitambo.

Tulihamia mwezi wa Machi. Jirani wa mlango wa tatu, aliyetumia yule wakili wa haraka, alikuta choo kidogo na kabati pale palipopaswa kuwa bafu la chini. Sikuweza kumcheka, nilikuwa karibu kufanya vivyo hivyo.

Asubuhi ya kwanza mke wangu alioga chini, peke yake, bila kuimba. Nilisimama nje nikisikiliza maji tu. Alitoka na taulo kichwani, akanikuta hapo mlangoni.

"Sasa nenda ukashuhudie," alisema.