Kimea cha Mama

Miaka ile serikali iliporuhusu biashara huria, ndugu zangu walikimbilia mitumba. Mimi, msomi wa sekondari, nikabaki nyumbani Chanji kulinda jiko. Ndiyo maana ni mimi niliyempeleka mama hospitali alipoota uvimbe kwenye titi.

Daktari alinieleza kwamba chembe ya mwili haijigawi ovyo. Protini zake hubandikwa alama na kubanduliwa, na mpaka alama kadhaa zisikilizane ndipo igawanyike. Za mama zilikuwa zimeacha kusikilizana. Akasema mama arudi wiki ijayo apasuliwe.

"Haya msomi, nifafanulie," mama alinitania.

Nikamwambia kwa Kifipa kuwa ni kama kimea chake cha pombe. Ulezi unachipua, ukitosha unauanika juani, unakoma. Huu uvimbe wake umekataa kukoma.

Nilijiona mwalimu kweli. Siku ya kurudi hospitali nilimkuta uani, kifua wazi, amelielekea jua.

"Hospitali ya nini tena? Kimea dawa yake jua. Si umesema mwenyewe?"

Nilibisha, akanicheka. Nikachoka kubisha. Miezi michache aliyoishi baada ya hapo, kazi yangu ilikuwa kumsogezea mkeka kila kivuli kilipomfikia.